Mbwa wa nyumbani amekufa, mtoto analia: Aagwe au atupwe?

Katika mitaa ya Ngokolo, Manispaa ya Shinyanga, msiba wa mtu hauhitaji maelezo. Turubai litafungwa, viti vya plastiki vitakodiwa, daftari la rambirambi litafunguliwa, kinamama watapanga mafiga nyuma ya nyumba na vijana watatumwa kwenda kuchimba kaburi. Hata mtoto wa darasa la pili anajua kwamba mama akitoka asubuhi na khanga mbili na ndoo mkononi, kuna mahali watu wanalia.

Akifa mbwa wa nyumba, hakuna anayejua la kufanya. Mara nyingi baba hutafuta kiroba cha zamani, humwita kijana mwenye mkokoteni, humpa hela ya soda na kumwambia akatupe mbali. Kazi hiyo hufanywa haraka, ikiwezekana kabla watoto hawajarudi shule. Wakirudi na kuuliza Simba yuko wapi, wanaambiwa ametoroka, au amepelekwa kwa babu kijijini. Jioni mtoto hali chakula. Anakaa mlangoni anatazama njia. Siku ya tatu anasikia ukweli kwa mtoto wa jirani aliyemwona Simba akipakiwa, na hapo analia mara mbili: analia kwa ajili ya mbwa, na analia kwa sababu baba alidanganya.

Huo ndio ugumu wenyewe, na wazazi wengi huuchukulia kama utoto. Lakini mtoto aliyemlisha mbwa kila siku, akamwogesha kwa sabuni ya unga siku za Jumamosi na kusindikizwa naye hadi barabarani, amefiwa kweli. Kwa watoto wengi, mnyama ndiye kifo cha kwanza wanachokiona kwa karibu. Namna nyumba inavyokichukua kifo hicho ndiyo atakayoikumbuka siku atakapofiwa na bibi.

Lugha yenyewe ina maneno mawili. Binadamu akifariki, tunachozika ni mwili, au maiti. Mnyama akifa, kinachobaki ni mzoga, neno ambalo hata ukilitamka taratibu lina harufu. Lakini Kiswahili hichohicho kinampa mnyama heshima isiyopewa gari wala nyumba ya ghorofa. Gari limekufa, nyumba imeanguka, lakini mbwa amekufa, paka amezaa, ng'ombe ameumwa. Sarufi inamweka pamoja na watu. Mtoto anayeuliza kwa nini Simba atupwe jalani wakati ni "yeye" hajakosea lugha hata kidogo.

Wazee na ng'ombe wao

Kuna wanaosema kumwaga mnyama ni mambo ya Kizungu yaliyoletwa na filamu. Kwa Usukumani kauli hiyo ina ukweli nusu. Ni kweli kwamba kaburi la mbwa lenye maua si jambo la wazee wetu. Lakini kwamba kifo cha mnyama kilikuwa kitu kidogo kwao, hapo si kweli.

Kwa Msukuma wa zamani ng'ombe hakuwa mali ya kuhesabu tu. Alikuwa na jina, mara nyingi kutokana na rangi yake au pembe zake, na mchungaji aliwajua wote hata wakiwa mia, kama mwalimu anavyojua darasa lake. Ng'ombe ndio waliomleta mama nyumbani kwa njia ya mahari. Ndio waliolipa faini, waliosomesha, waliookoa familia mwaka wa njaa. Na wapo waliotengwa kwa ajili ya masamva, yaani mizimu ya ukoo. Ng'ombe au mbuzi wa namna hiyo alihusishwa na marehemu fulani, babu au bibi, na hakuuzwa mnadani kama wengine. Alipozungumziwa, ilikuwa kama anazungumziwa mtu wa nyumba hiyo.

Mnyama kama huyo alipokufa, habari ilimfikia mwenye mji kabla ya mtu yeyote kushika kisu. Kuagwa kwake hakukuwa kwa kufukiwa. Nyama iligawanywa, na kila aliyekula alijua anakula nini na kwa nini. Ngozi ilibaki. Iliwambwa juani kwa vigingi, ikawa kitanda, ikawa mkoba wa kubebea mtoto, na katika maziko ya zamani ya Wasukuma na Wanyamwezi ngozi ya ng'ombe ndiyo iliyokuwa sanda. Mzee alishushwa kaburini akiwa amefunikwa na mnyama aliyemchunga. Ni vigumu kupata undugu wa karibu zaidi ya huo.

Si ng'ombe peke yake. Wasukuma wana chama cha Bayeye, wataalamu wa nyoka, ambao hucheza ngoma na chatu mabegani na wanajua dawa za sumu. Mgeni akifika katika makumbusho ya Bujora, nje kidogo ya jiji la Mwanza, anakutana na habari za vyama hivyo vya ngoma. Anayecheza na chatu huyohuyo mwaka hadi mwaka hawezi kumwona kama mjusi tu.

Kwa hiyo ukimwambia mzee wa Shinyanga kwamba mjukuu wake anataka kumzika paka na kumwombea, anaweza kucheka. Lakini mwulize kuhusu fahali wake wa jembe aliyekufa mwaka fulani wa ukame, aliyelima naye misimu kumi. Atanyamaza kwanza. Kisha atakuambia rangi yake.

Misikiti na makanisa yanasemaje

Swali la pili huja kwa sauti ya chini: kumwombea mnyama ni dhambi?

Ngokolo ndiko liliko Kanisa Kuu la Jimbo Katoliki la Shinyanga, la Mama Mwenye Huruma, na kuanzia hapo mpaka makanisa ya AIC na misikiti ya mjini, jibu la viongozi wa dini kuhusu ibada rasmi linafanana. Mnyama haombewi misa ya wafu, hasaliwi sala ya jeneza, haoshwi wala kuvikwa sanda kama Muislamu aliyefariki. Ibada hizo ni za binadamu. Anayetaka padri au shehe aje na vazi lake kwa ajili ya mbwa atarudishwa kwa upole, na ana haki ya kurudishwa.

Lakini mlango haujafungwa pale. Kanisa Katoliki lina baraka maalumu kwa wanyama, na sehemu nyingi duniani hutolewa siku ya Mtakatifu Fransisko wa Asizi, Oktoba 4. Biblia nayo imejaa wanyama wanaotazamwa na Mungu. Amri ya kupumzika siku ya Sabato imewataja wanyama wa kazi pamoja na watumishi na wageni. Watu wa Ninawi walipofunga kwa toba, wanyama wao nao walivikwa magunia, na kitabu cha Yona kinaishia kwa Mungu kuwataja wanyama wa mji huo. Kubwa kuliko yote ni mfano ambao nabii Nathani alimpelekea mfalme Daudi, wa maskini mwenye mwanakondoo mmoja aliyekula chakula chake, akalala kifuani pake, akawa kama binti yake. Tajiri alipomchukua na kumchinja, Daudi hakuuliza kondoo ni shilingi ngapi. Alikasirika akataka mtu auawe. Mfano ule haungefanya kazi kama kumpenda mnyama ni upuuzi.

Kwa Waislamu, Kurani inasema katika sura ya Al-An'am kwamba wanyama na ndege ni umma kama wanadamu, na kwamba watakusanywa kwa Mola wao. Hadithi sahihi zinamtaja mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila chakula, na mtu aliyesamehewa kwa kumpa maji mbwa mwenye kiu. Abu Huraira, sahaba aliyepokea hadithi nyingi kuliko wengine, jina lake lenyewe lina maana ya baba wa kipaka. Na nani alimfundisha mwanadamu kuzika? Kurani inasimulia kwamba mwana wa Adamu alipomuua ndugu yake hakujua amfanye nini, mpaka Mungu akamtuma kunguru afukue ardhi mbele yake. Kwa hiyo kufukia mnyama shimoni ni jambo la usafi na la heshima, halina kosa. Kinachokatazwa ni kuligeuza kuwa ibada ambayo dini haikuifundisha.

Hapo katikati familia ina nafasi ya kutosha. Sala fupi ya kumshukuru Mungu kwa kiumbe alichokiumba, baba akisema maneno mawili, watoto wakitaja walichokipenda. Hakuna kiongozi wa dini mwenye busara atakayegombana na hilo.

Usizike usiku

Kuna jambo moja ambalo makala za Ulaya kuhusu kuaga wanyama haziligusi kabisa, na kwa Shinyanga haliwezi kuachwa. Ni uchawi.

Mkoa huu na Kanda ya Ziwa kwa ujumla umebeba kwa miaka mingi aibu ya kuuawa kwa vikongwe kwa tuhuma za ushirikina, wengi wao wanawake waliohukumiwa kwa macho yao mekundu. Macho hayo ni ya moshi tu, wa kupikia kwa samadi ya ng'ombe na mabua pale kuni zilipoadimika. Katika mazingira hayo, bibi akionekana saa mbili usiku nyuma ya nyumba, na jembe, akifukia kitu kilichofungwa kitambaa cheupe, maneno yatafika mtaa wa tatu kabla ya alfajiri. Hakuna atakayesema alikuwa anamzika paka. Mvua ikichelewa mwaka huo, au mtoto wa jirani akiugua degedege, kitambaa kile kitakumbukwa.

Hili si tishio la kutungwa, na kulidharau ni kucheza na maisha ya watu. Kwa hiyo familia inayotaka kumwaga mnyama wake ifanye mchana kweupe. Jirani wa karibu aambiwe. Balozi wa nyumba kumi au mwenyekiti wa mtaa aambiwe kama shimo litachimbwa eneo lisilo la nyumba hiyo. Watoto wa jirani waruhusiwe kutazama. Kitambaa si lazima; mnyama aliyewekwa ardhini alivyo huoza vizuri na hazui maswali. Wala visiwekwe vitu shimoni: hirizi, shanga, sarafu, hata mwanasesere wa mtoto. Mtoto akitaka kuacha kitu, aache jani au ua juu ya udongo.

Na wazee wa nyumba, hasa bibi anayeishi na wajukuu peke yake, asiachiwe kazi hiyo afanye yeye.

Kabla ya kumshika

Mtoto anayempenda mbwa wake atataka kumkumbatia mara ya mwisho. Hapo ndipo mzazi anapaswa kuwa mkali kidogo, kwa sababu baadhi ya wanyama hufa na kitu kinachoweza kumfuata aliyewashika.

Mbwa au paka aliyekufa baada ya kubadilika tabia ghafla, kuuma ovyo, kutokwa na mate mengi au kushindwa kumeza, anaweza kuwa alikuwa na kichaa cha mbwa. Asiguswe kwa mikono mitupu, na afisa mifugo wa kata ajulishwe. Aliyeumwa, aliyeparuzwa au kulambwa penye kidonda aoshe mahali hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo kupata chanjo. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Ni vizuri kuuliza watoto kwa upole siku hiyo ya msiba, maana mtoto huficha: aliparuzwa wiki iliyopita na hakusema kwa kuogopa mbwa atauawa.

Kwa ng'ombe, mbuzi na kondoo, adui mkubwa ni kimeta. Mnyama hufa ghafla, mara nyingine jioni alikuwa mzima, na damu isiyoganda hutoka puani, mdomoni au nyuma. Mnyama huyo asichunwe wala kupasuliwa, wala asiliwe. Vijidudu vyake vikipata hewa hugeuka kuwa mbegu ngumu zinazokaa kwenye udongo miaka mingi, zikingoja mifugo mingine. Huchomwa, au hufukiwa kwenye shimo refu lenye kina cha mita mbili hivi na kumwagiwa chokaa, chini ya maelekezo ya wataalamu wa mifugo. Hapa desturi ya kugawana nyama ya ng'ombe aliyekufa mwenyewe inagongana na afya uso kwa uso, na kila inapotokea watu wakaugua baada ya kula kibudu, chanzo kinakuwa kilekile: huruma ya kuona mali ikifukiwa.

Hata kwa mnyama aliyekufa kwa uzee au ajali, shimo liwe mbali na kisima na liwe refu kiasi cha mbwa wengine kutofukua. Hakuna jambo linaloharibu maziko kama kukuta asubuhi yaliyozikwa yako barabarani.

Waliowahi kuagwa

Anayedhani ni watoto tu wanaolia wanyama hajafuatilia habari za nchi yake.

Mwaka 1972 sokwe jike aliyeitwa Flo alikufa katika hifadhi ya Gombe, Kigoma. Jane Goodall alikuwa amemfuatilia kwa miaka zaidi ya kumi, na ni kwa Flo dunia ilijifunza namna sokwe anavyolea. Gazeti la Sunday Times la London lilichapa tanzia yake, kama linavyofanya kwa wanasiasa na wasanii. Lakini maombolezo makubwa zaidi yalifanyika porini. Mwanawe Flint, aliyekuwa na umri wa miaka minane hivi na ambaye hakuwahi kumwachia mama, aliacha kula, akadhoofika, na ndani ya wiki chache naye akafa, karibu na pale mama yake alipoangukia.

Ngorongoro, Desemba 27, 2019, alikufa Fausta, faru jike mweusi aliyekadiriwa kuwa na miaka 57. Mamlaka ya hifadhi ilitoa taarifa kwa umma ikieleza maisha yake, tangu alipoonekana kreta kwa mara ya kwanza mwaka 1965 hadi uzeeni alipokuwa haoni vizuri na akawekwa kwenye zizi kwa usalama wake, maana fisi walikuwa wameshamjeruhi. Miaka mitatu kabla, kifo cha faru mwingine, John, kilikuwa kimefika mpaka mezani kwa Waziri Mkuu Kassim Majaliwa, aliyeagiza uchunguzi. Taifa zima lilimjua faru kwa jina.

Jirani zetu Kenya walimpoteza Sudan Machi 19, 2018, katika hifadhi ya Ol Pejeta, Laikipia. Alikuwa na miaka 45, na alikuwa faru mweupe wa kaskazini wa mwisho wa kiume duniani. Amebaki binti yake Najin na mjukuu wake Fatu. Hifadhi ile ina makaburi ya faru, na mawe yenye majina yao na namna walivyokufa. Wengi waliuawa na majangili. Wageni husimama pale kimya. Askari waliomlinda Sudan usiku na mchana walilia mbele ya kamera, watu wazima wenye bunduki, na hakuna aliyewacheka.

Na kuna Magawa, ambaye pengine ndiye Mtanzania mdogo kuliko wote aliyepata medali. Alikuwa panya buku, aliyezaliwa na kufunzwa Morogoro na shirika la APOPO lililopo katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Alipelekwa Kambodia kunusa mabomu ya ardhini yaliyobaki kutoka vitani. Kwa uzito wake mdogo alitembea juu ya bomu bila kulilipua, na katika kazi yake alitambua mabomu na vilipuzi zaidi ya 100. Mwaka 2020 alipewa medali ya dhahabu na shirika la Uingereza la PDSA, panya wa kwanza kuipata. Alistaafu mwaka uliofuata, akafa Januari 2022 akiwa na miaka minane, na vyombo vya habari vya dunia vikatangaza. Panya! Mnyama ambaye nyumba nyingi za Ngokolo huuliwa kwa ufagio.

Wanyama wenyewe huagana. Watafiti wa tembo wa Manyara, Amboseli na Samburu wameandika kwa miongo mingi jinsi tembo wanavyosimama na mwenzao aliyekufa, wakimgusa kwa mkonga, wakimfunika kwa matawi na udongo, na kurudi baadaye kwenye mifupa. Wanafikiri nini, hakuna awezaye kusema. Lakini hawapiti tu.

Kwingineko duniani jambo hili lina umri mrefu. Herodoto, Mgiriki aliyetembelea Misri karne ya tano kabla ya Kristo, aliandika kwamba paka akifa nyumbani wakazi wote walinyoa nyusi, na akifa mbwa walinyoa kichwa na mwili mzima. Huko Misri, katika bandari ya kale ya Berenike kwenye Bahari ya Shamu, wachimbuzi wamekuta makaburi ya wanyama karibu 600 ya zama za Warumi, wengi wao paka, baadhi wakiwa na mikufu shingoni. Kati yao wamo nyani kutoka India, waliovuka bahari kwa majahazi ya biashara. Na baadhi ya wanyama wale walikuwa wazee wasio na meno, maana yake mtu aliwalainishia chakula. Japani, watu bado hukusanyika kila Aprili kwenye kituo cha treni cha Shibuya, Tokyo, kumkumbuka Hachiko, mbwa aliyeendelea kumsubiri bwana wake kituoni kwa miaka zaidi ya tisa baada ya bwana huyo kufa, mpaka naye alipokufa Machi 1935.

Punda hana msiba

Hata hivyo, ukitaka kujua mnyama anayestahili kuagwa Shinyanga na haagwi, tazama barabarani asubuhi. Punda amebeba madumu ya maji, amevuta mkokoteni wa mahindi, amepeleka mgonjwa zahanati, na kwenye vijiji vya wachimbaji kuelekea Geita amebeba mifuko ya mawe ya dhahabu kwenda kusagwa. Halipwi, na fimbo hazihesabiki. Siku akianguka hafufuki, anavutwa pembeni ya njia.

Lakini kulikuwa na wakati hata kifo hicho cha pembeni ya njia hakikumfikia. Shinyanga ilikuwa na machinjio ya punda, na ngozi zao zilisafirishwa China kutengenezea dawa ya asili iitwayo ejiao, inayopatikana kwa kuchemsha ngozi. Bei ilipopanda, punda wakaanza kupotea mazizini usiku. Aliyeamka na kukuta kamba imekatwa hakulia mnyama tu. Alilia maji ya siku hiyo, nauli, ada. Mara nyingi mzigo ulihamia kichwani kwa mama na kwa binti, na binti akaanza kuchelewa shule. Mwaka 2022 Tanzania ilisimamisha uchinjaji wa punda kwa ajili ya biashara ya ngozi kwa miaka kumi, na Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika, wakikutana Addis Ababa, waliafiki kuipiga marufuku biashara hiyo barani kote kwa miaka 15.

Lamu, kwenye pwani ya Kenya, ambako vichochoro ni vyembamba mno kwa magari, kuna kituo cha kutibu punda tangu mwaka 1987. Punda mzee hupelekwa pale akatibiwa bure. Kwetu bado anayempeleka punda kwa daktari wa mifugo huulizwa kama hana kazi, ingawa Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 imeweka wazi kwamba kumtesa au kumtumikisha mnyama kupita uwezo wake ni kosa. Kumuaga punda vizuri, kwa hiyo, kungeanza akiwa hai: kwa kumfungua kamba akizeeka, apewe kivuli na maji mpaka siku yake.

Mtoto aambiwe nini

Aambiwe amekufa. Neno hilo gumu ni bora kuliko "amelala", kwa sababu mtoto mdogo akiambiwa mbwa alilala na hakuamka ataogopa kulala. "Amesafiri" humfanya asubiri. "Mungu amemchukua kwa sababu alikuwa mzuri" humfanya aogope kuwa mzuri. Aambiwe mwili wake umeacha kufanya kazi, hasikii maumivu, na hatarudi. Atauliza tena kesho na keshokutwa, jibu libaki lilelile.

Aulizwe kama anataka kuwepo wakati wa kufukia, asilazimishwe. Akiwepo, apewe kazi: kushika ndoo ya maji ya kunawa, kurudishia udongo kwa mkono uliovaa mfuko wa plastiki, kuchagua mahali chini ya mwarobaini. Akicheka katikati ya shughuli asigombezwe, watoto huomboleza kwa vipande vipande, dakika tano analia na dakika tano anacheza mpira. Mvulana asiambiwe wanaume hawalii. Baba mwenyewe kama macho yamemlenga, asijifanye vumbi limeingia.

Watoto wengi wakiachwa hufanya wenyewe kila kitu. Wanamfunika kifaranga kwa jani la mgomba, mmoja anakuwa padri, mwingine shehe, wengine kwaya, wanaimba wimbo wa msibani walioupata kwa mama zao na wanagawana maandazi mawili kama chakula cha msiba. Mtu mzima anayepita huona mchezo. Akisimama kidogo ataona kwamba hakuna anayecheka.

Jambo la mwisho ni haraka ya kuleta mwingine. Baba mwenye huruma huja na mtoto wa mbwa kesho yake, akidhani amemaliza tatizo, na hushangaa mtoto akimkataa au kumpiga. Ni bora kungoja mpaka mtoto mwenyewe aulize. Inaweza kuwa wiki mbili, inaweza kuwa baada ya mavuno. Sahani ya Simba ioshwe na kuwekwa, isitupwe mbele yake. Na mbwa mpya akija, mara nyingi mtoto atataka apewe jina lilelile. Wazazi wa mjini husita kidogo, wakiona si vizuri. Bibi aliyekuja kutoka kijijini haoni ajabu yoyote. Mjukuu anayeuliza hilo mwenyewe amebeba jina la babu yake aliyekufa.